Bibi Yetu na Tao Lililokuwa Chini ya Plasta

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, naomba masikio yenu, mimi ni mjukuu wa tatu wa marehemu, yule aliyeacha shule kidato cha pili, na wajomba zangu wawili wenye digrii wamekaa pale mbele wakijiuliza kwa nini karatasi hii nimepewa mimi, jibu ni kwamba sauti ninayo, na picha ya mwisho aliyoiagiza Bibi niliipiga mimi.

Marehemu, mliyemzoea kwa jina la Mama Mawe, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1950, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne wa karani wa stesheni na mshona nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, kisha sekondari ya wasichana hadi 1968, ambako walimu walilalamika kwamba anaanza kuuliza maswali kabla somo halijaanza.

Januari 1969 aliajiriwa katika studio ya picha karibu na soko, akaanzia chumba cha giza, akisafisha picha za wengine, na alipokabidhiwa kamera, picha za pasipoti zilimlisha lakini moyo wake ulikuwa kwenye majengo ya mawe, mahakama ya zamani, ghala la pamba, ngazi za benki, tena kwa nyeusi na nyeupe tu, hata wenzake wote walipohamia kwenye rangi, kwani alisema rangi ni umbea, itakuambia jengo lilipakwa lini, haitakuambia lilijengwaje.

Mwaka 1974 alimkuta kijana mmoja juu ya ngazi akipiga plasta ukuta wa benki, akamwambia anauzika ukuta ungali mzima, kijana akamjibu kwamba akimaliza ukuta atashuka ampige plasta na yeye, wakabishana hadi wakafunga ndoa tarehe 21 Februari 1976, na huyo ndiye Babu yetu, Fundi, yule aliyevaa miwani ya jua kama msanii, wakajaliwa watoto wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili, na wajukuu kumi na mmoja, mtanashati wao akiwa ni huyu anayewasomea, hilo halina mjadala.

Mwezi Mei mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, akalazwa tarehe 2 Juni, kitanda cha dirishani, kinachotazamana na ukuta wa stoo kongwe ya hospitali, na mvua ilipokatika akaona unyevu umebaki kwenye plasta katika mstari uliopinda, akamwambia Babu kwamba chini ya pale kuna tao, bila shaka palikuwa na mlango ukazibwa, Babu akakataa katakata, kwamba ukuta ule aliupiga plasta mpya juu ya ile ya zamani yeye mwenyewe mwaka 1988, aliugonga wote kwa mpini wa mwiko, ukaitika sawasawa kila mahali. Ubishi huo ukawa kifungua kinywa chao kila asubuhi, na daktari aliposema siku zilizobaki ni chache, Bibi hakuuliza ni ngapi, aliuliza kama Fundi ataubandua ule ukuta au hataubandua.

Babu akaenda na nyundo na patasi bila kumwomba mtu ruhusa, mlinzi akamkamata akiwa ameshabandua sehemu yenye ukubwa wa kitanda, msimamizi wa majengo akaitwa kwa hasira, akauliza kinatafutwa nini, akaelezwa, akatazama, akavua koti, akasema malizeni, ila Ijumaa hii ukuta uwe umerudi ulivyokuwa.

Tao lilikuwepo. Nikalipiga picha, nikaisafisha, nikampelekea Bibi kwa maringo yangu yote, akaitazama, akasema, "Mume wangu mdogo, umepiga saa sita mchana. Jua la utosini limeyalaza mawe yote, sioni kama yanaumana au yamepachikwa baadaye. Rudi jioni, jua likija kwa ubavu."

Nikarudi, na picha ikamfikia tarehe 19 Juni, kila jiwe na kivuli chake, mawe ya chini ya tao yakiumana na ya pembeni safu kwa safu, maana yake ukuta ulijengwa kwa mkupuo mmoja na mlango haukuwahi kuwepo, Bibi akakiri kwamba Fundi kashinda, Babu akasema tao si hilo hapo limeonekana, basi aliyeshindwa ni yeye Babu, na hayo hatukuwahi kuyasikia nyumbani kwao. Kisha Bibi akaisogeza picha karibu na macho, akauliza, "Sasa tao la nini, kama hapapiti mtu?" Babu akavua miwani yake ya jua, akainama naye kuitazama picha upya.

Bibi alifariki alfajiri iliyofuata, tarehe 20 Juni, picha ikiwa juu ya shuka.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, hasa yule aliyemgeuzia kitanda aone vizuri, majirani, wapiga picha wenzake, msimamizi wa majengo, na mlinzi aliyemkamata Babu kisha akamshikia ngazi. Babu anauziba ukuta Ijumaa, kwa hiyo kama miongoni mwenu yupo mwashi, au mtu yeyote mwenye macho, tunamwomba apite pale jioni kabla mwiko haujafika, atuambie lile tao lilikuwa la nini, kwani swali hilo sasa ndilo urithi wetu.

Lala kwa utulivu, Bibi. Jibu likipatikana tutakuja kukusomea hapa hapa kaburini, na msomaji unamjua.