Walinipima Bila Kunisoma

Assalamu alaykum. Wazee wangu, shikamooni. Haya nimeyaandika kwenye karatasi, maana nikisimama mikono mitupu maneno yananikimbia. Nikisita, mnivumilie. Jina la mtu sitataja, ingawa wengine mtawajua.

Nilimaliza darasa la nne huku Kibaha, kisha mama akanipeleka Kisarawe kusoma elimu ya dini. Pale chuoni mwanafunzi akishasoma muda mrefu huandika maelezo ya mlango mmoja wa kitabu, halafu hukaa mkekani mbele ya walimu watatu wampime. Akifaulu, anaendelea mpaka awe mwalimu. Akishindwa, anarudi kwao kulima.

Mimi nilichagua mirathi, nikaandika juu ya minazi. Mnajua kwetu mtu anaweza kupanda minazi yake katika ardhi ya mwenzake, na baba alifanya hivyo. Baba alipofariki, ndugu zake walimwambia mama kwamba ardhi si yetu, kwa hiyo na minazi hana haki nayo. Mama alinyamaza. Mimi sikuweza. Nilisoma, nikaenda Dutumi kuuliza wazee wanavyogawana, nikaandika polepole kama ninavyoandika kila kitu. Nikazifunga kurasa kwa kamba ya ukindu na kuzipeleka kwa walimu mapema, kama tulivyoagizwa.

Siku ya kupimwa, mwalimu mkubwa aliniuliza nimeandika nini. Nikaanza. Sauti yangu ni ndogo, mnaisikia. Kabla sijamaliza sentensi ya kwanza akanikatiza, akawaambia wenzake kwamba mtu wa kusikika hivi atafundisha mbu. Wakacheka, na wanafunzi wenzangu wakacheka. Nikainamisha kichwa, sikusema tena. Wakaniambia nirudi nyumbani, nikitaka nije tena baada ya mavuno.

Nilirudishiwa kurasa zangu. Ndugu zangu, nawaambia, fundo lilikuwa lilelile nililolifunga mimi. Hakuna aliyezifungua. Hasira niliyoipata siku ile ninayo mpaka leo, na siombi radhi kwa kuwa nayo. Kama kazi ni mbaya, niambiwe ni mbaya. Lakini watu wazima, wenye vilemba, wanampima mtu kwa sauti yake, kazi yake iko mapajani mwao!

Nilikaa nyumbani Mbwawa nikilima muhogo, sisemi na mtu. Jirani yetu alikuwa Mnyamwezi, mkata mkonge, na mnajua Wanyamwezi ni watani wetu. Mtani hakasirikiwi. Kila alasiri akitoka kazini alinipitia shambani kunichokoza.

"Ninyi watu wa pwani mnakula nazi mpaka ndimi zinateleza," aliniambia. "Wako umekwama wapi?"

Siku moja nilichoka. Nikamjibu, "Na wewe umetembea kwa miguu toka Unyamwezi, akili ukaiacha njiani. Nenda kaichukue, ndipo uniulize."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema kumbe mimi naongea. Mama alikuwa karibu akipalilia, akamwambia basi mtani, mpime wewe. Ndivyo tulivyoanza. Mimi naeleza mirathi, yeye ananikatiza, ananitukana, anajifanya amesinzia, anauliza mnazi una mama yake au hauna. Dini hakusoma hata kidogo. Alichokuwa nacho ni ulimi. Nikajifunza kungoja amalize, kisha nikaendelea pale nilipoachia.

Baada ya mavuno nilirudi mkekani. Sikwenda na sauti mpya, ilikuwa hii hii. Mwalimu mkubwa akaanza tena, akauliza kama leo nimekuja na zumari. Watu wakacheka. Nikangoja wamalize.

Nikasema, "Mwalimu, kazi yangu hujaisoma. Naomba uisome kwanza, halafu unikatae."

Nikazisogeza kurasa mbele yao. Mwalimu wa pembeni akazichukua kurasa, akasoma moja, akasoma nyingine. Kisha akauliza mke wa marehemu anapata nini katika minazi iliyo kwenye ardhi ya mtu mwingine. Nikajibu polepole kwamba anapata thumuni ya minazi kama marehemu ameacha watoto, na robo kama hakuacha. Ardhi haimo. Akauliza, na mnazi ukianguka? Nikasema haki yake imeishia hapo, hawezi kupanda mwingine bila ruhusa ya mwenye ardhi.

Walinipitisha. Radhi hawakuniomba. Lakini ukoo ulipoyasikia majibu yale kinywani mwa walimu, mama alipewa minazi yake.

Namshukuru mama, na mtani wangu aliye kule nyuma, anayenikunjia uso sasa hivi ili nikosee. Namshukuru na yule mwalimu wa pembeni.

Wiki ijayo kuna watoto watakaa kwenye mkeka huo. Ninyi mtakaowapima, someni. Mkishasoma, muwe wakali mtakavyo. Mimi sasa ninafundisha, na mtoto akichelewa kujibu ninamngoja. Nimeambiwa ninapoteza muda wa darasa. Nitaendelea kuupoteza.