Unga Uleule, Pua Mbili

Kijiwe chetu ni benchi moja kwenye ukuta wa bekari. Hapa hukosi jibu. Unachokosa ni jibu moja. Asubuhi hiyo tulimkuta Mwokaji amekaa bila aproni, anakohoa. Amekanda unga miaka ishirini, na jana hospitali wamemwambia ana aleji ya unga. Akiendelea, iko siku pumzi itakata. Tukamwonea huruma, tukaagiza kahawa, tukaanza kumtibu.

— Unga huu unaoliwa na dunia nzima? alisema Spika, fundi viatu anayesikika mtaa wa pili. Huo ni uchovu, kaka.

— Uchovu hauvimbishi macho, alisema Mwokaji.

— Basi mwili umesahau, ukumbushe. Nusa kijiko asubuhi, kijiko jioni. Haba na haba hujaza kibaba.

— Si ndivyo kilivyojaa hicho kibaba! alisema Nusu Daktari. Yeye hupima wagonjwa uzito zahanati, na masikio yake hayalali daktari akiongea. Akaendelea: Mwilini mna chembe za kinga, ndio askari. Baadhi hutoa protini, kama vile amri: tulieni, huyu mgeni si adui. Amri ikipungua, askari wanauandika unga kwenye orodha ya wezi. Siku hiyo husikii kitu. Unga ukirudi tena, vita, na uwanja ni pua yako.

— Wamehongwa! alidakia Kinyozi.

— Na nani?

— Na wauza dawa za mafua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwokaji akajitazama shati. Mikunjo ilikuwa na unga.

— Suluhisho ni mayai, alisema Spika. Sita kila asubuhi. Askari washibe protini, waache ukorofi.

— Hiyo si protini ya sahani, we! alisema Nusu Daktari. Mwili wenyewe ndio unaitengeneza.

— Bila mayai? Asiyekubali kushindwa si mshindani!

— Jamani, alisema Mwokaji, kesho niwashe tanuri au nisiwashe?

— Washa, alisema Kinyozi, ila usipumue sana.

Mkewe akatokea mlango wa nyuma, unga mpaka kwenye nyusi.

— Hamjambo, mashemeji.

— Hatujambo, shemeji. Tunamtibu mumeo.

— Nimewasikia tangu kikombe cha kwanza. Naomba kuuliza. Tumekanda meza moja, unga uleule, miaka ileile. Nguo zake nazikung'uta mimi. Mbona mimi sijapiga hata chafya?

Wote tukamgeukia Nusu Daktari.

— Hilo, shemeji, hata daktari mzima hajaniambia.

— Haya. Baba watoto, nipe ufunguo wa bekari. Wewe utasambaza mikate madukani.

Mwokaji aliutoa, akakaa nao mkononi. Ufunguo ule haukuwahi kulala kwenye mfuko mwingine. Iliniuma kumtazama. Kisha akauweka kiganjani mwa mkewe.

— Tanuri la kushoto lina uvivu, alisema. Liwashe mapema.

— Najua, alisema mkewe. Mimi ndiye niliyekwambia.