Chupa Iliyofukiwa Wendelsroda

Almut, nifungulie dirisha hilo kidogo, na wewe Henning acha kutazama saa, daktari haji kabla ya saa kumi na mimi nina ya kuwaambia kabla hajafika. Sogezeni viti, wanangu. Mimi Eckehard Lohse, baba yenu, akili zangu ninazo zote, pumzi tu ndiyo inayonitoka vipande vipande. Msilie. Jana nimelala fofofo mchana kutwa kama mtoto aliyeshiba, jambo nisilolijua tangu mwaka wa sabini na nne, na nataka mjue kwa nini.

Nyumba hii ni yenu nyote wawili, na mkigombania ile miti ya plamu nitafufuka niwachape. Vitabu vipelekeni chuo kikuu, isipokuwa kile chenye picha yangu nyuma, cha Binti Mfalme wa Wendelsroda. Hicho msimpe mtu, maana kina uongo, na uongo wenyewe ni wangu.

Ngojeni nishushe pumzi.

Kaburi namba saba, kule Wendelsroda nilikochimbua mambo ya kale, mmelisikia tangu mkiwa wadogo, mezani, viazi vikipoa huku nikisimulia. Mwanamke kalala humo na pini ya dhahabu ya kufungia joho, pini ya nchi za mbali, nami nikatangaza kwamba huyu alikuwa binti mfalme aliyeletwa kuolewa. Pini ile ndiyo iliyonipa uprofesa. Lakini haikutoka namba saba. Vitu tulivyochimba tulikuwa tukiviosha na kuvianika juu ya magazeti, kila kimoja na kikaratasi chake kinachosema kimetoka shimo gani. Siku ile mvua ikatushukia ghafla, nami kwa pupa nikabeba sinia mbili kwa mpigo kukimbilia bandani, vikaratasi vikapeperuka, nikavirudisha kwa kukisia. Mchimbaji hakisii! Maneno hayo nimewafundisha wanafunzi miaka thelathini, uso mkavu kabisa.

Mchoraji wetu alikuwa Roswitha Knabe. Yeye alichora kila kitu kikiwa bado ardhini, kabla mkono wa mtu haujakigusa, na katika mchoro wake pini ilikuwa shimo la kumi na mbili, shimo la taka, katikati ya mifupa ya nguruwe. Akaniletea siku ya tatu. "Eckehard, binti mfalme wako umemvisha kitu cha jalalani," akaniambia huku anacheka, maana tulikuwa marafiki, akidhani nami nitacheka. Palepale nilijua anasema kweli. Lakini magazeti yalikwisha kuandika, wakubwa walikwisha kunipongeza, nikasimama mbele ya kikosi kizima nikasema Bi Knabe amechora vibaya. Msimu ulipokwisha hawakumchukua tena. Akaenda kufundisha watoto wa shule kuchora, mtu mwenye mkono kama ule.

Sasa, siku ya kufukia mtaro wa uchimbaji sisi wachimbaji huacha chini kabisa chupa ya bia yenye sarafu ya mwaka ule na karatasi ya majina yetu, ili atakayechimba baadaye ajue udongo huu umekwisha kuguswa. Karatasi ile niliiandika mimi. Chini ya majina nikaongeza kwamba pini ilitoka shimo la kumi na mbili na mchoro wa Roswitha ni sahihi. Nikaisokota, nikaisukuma chupani, nikaiacha ukingoni izibwe. Nikajiona nimetubu. Kutubu gani kwa kufukia, jamani!

Tangu hapo kila nikisikia mtu anataka kuchimba Wendelsroda, silali usiku. Almut, ulipotaka kusomea kazi yangu nikakuambia mikono yako mizito. Si kweli, mwanangu. Niliogopa utakwenda kule. Nilikunyima maisha uliyoyataka kwa sababu ya woga wangu, na hilo linaniuma kuliko la pini. Usinijibu sasa, nishike mkono tu. Ndiyo, hivyo.

Masika haya wakatangaza barabara mpya itapita pale, na kwamba vijana wataufungua upya mtaro wangu. Nikasema basi, mambo hadharani. Nikapiga moyo konde, nikamtafuta Roswitha kabla habari ya chupa haijamfikia. Ndiye yule bibi wa koti la njano aliyekuja Alhamisi, mkashangaa anavyoila keki ya plamu. Nilimweleza yote, machozi yananitiririka. Akafuta mdomo.

"Najua," akasema. "Unadhani nani aliyeiziba ile chupa kwa nta? Niliisoma, we mwanamume!"

"Mbona hukusema?"

"Kusema nilishasema. Ilikuwa zamu yako. Nikajipa moyo kwamba ukweli unaujua, utauleta mwenyewe. Sikujua u mzito kiasi cha miaka arobaini na sita!" Akavuta sahani, akakata kipande cha tatu.

Nilicheka, wanangu, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Barua kwa jumba la makumbusho lenye ile pini tuliiandika pamoja mezani hapo, na jana wamejibu: maelezo yangu yanashushwa ukutani, mchoro wake unapanda. Lo, nimetua mzigo! Nilidhani aibu itaniua, kumbe ninakufa mwepesi.

Henning, maji... kidogo. Ahsante.

Sikilizeni ya mwisho. Mwiko wangu wa kuchimbia, ule ulioliwa na udongo mpaka umebaki kama kidole gumba, ni wa Almut, na wala hujachelewa, vijana wa Wendelsroda wanataka watu. Henning, wewe ulinivumilia. Saa ya babu ni yako, uitazame upendavyo. Mungu awalinde, awape usingizi... kama huu wangu. Mpendane.

Na miguuni pangu, ndani ya jeneza, wekeni chupa. Sarafu ya mwaka huu. Karatasi aandike Roswitha... Mimi hapana. Atakachoandika, chochote... msikisome. Zibeni tu.