Kijiko cha Winifred

Katika basi la kwenda mjini Ludlow, mbele yangu walikaa watu wawili wa chama cha wachimbuaji wa vitu vya kale cha kijijini kwetu: Enid, katibu, na mzee Clifford, ambaye matope ya kuchimba Jumapili hayamtoki kwenye kucha. Kila wanapofukia shimo huacha sarafu ya mwaka huo chini kabisa, ili watakaochimba baadaye wajue kwamba wenzao walishapita na lini.

"Sarafu uliitia?" Enid akauliza. "Nilitia kijiko," Clifford akajibu. "Kijiko gani tena, bwana wewe?" "Cha chai, cha marehemu Winifred. Miaka thelathini mke wangu alitukorogea chai palepale shimoni, dada. Naye pia alipita hapo."

Enid akamgeukia mzima mzima. "Kijiko hakina mwaka, Clifford. Utawapotosha watu. Kesho tunafukua." "Fukueni. Mimi koleo sishiki." "Na kwenye ripoti niandike nini?" "Andika jina lake."

Enid akatoa daftari, lakini kalamu ikasimama juu ya karatasi. "Chai yake ilikuwa na sukari nyingi mno," akasema polepole. Basi likasimama, wakashuka, daftari likiwa bado wazi, jina halijaandikwa.