Mawe ya Kizingiti

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo namkumbuka Speciosa Nshoma, mkulima wa upande wa Kasulo, wilayani Ngara. Amefariki Jumanne. Alizaliwa Kasulo. Nimelisema mapema, na nitalirudia.

Ofisi ya kata yao ilijengwa kwa nguvu za wananchi, mwaka sabini na nne. Mawe yalitoka mtoni, kichwani. Speciosa alikuwa na mimba ya bintiye, Joyceline, na alibeba. "Mama alisema mawe yake ni ya kizingiti," anasema Joyceline. "Kila tukiingia alinionyesha."

Ikaja tisini na nne. Wakimbizi walivuka mpaka kutoka Rwanda na Burundi, wakatuzidi idadi. Shamba la Speciosa likawa njia, migomba ikalala chini. Mjane, watoto wanne, jikoni hamna kitu. Jirani akamwambia: nenda kambini, sema umetoka Burundi, utapewa kadi ya mgao. Kihangaza, lugha yetu, na Kirundi ni ndugu, nani angemjua? Akaenda. Akapata mahindi na mafuta. Msimcheke, maana hata baadhi yenu mlikwenda, nawajua.

Njaa ilipita, jina likabaki. Orodha ya wakimbizi ilipofika kijijini, Speciosa yumo: Mrundi. Majirani walimtetea, hakuondolewa nchini. Lakini bila barua ya kuthibitisha kwamba ni mzaliwa wa hapa, shamba si lake, na wanawe hawarithi. Miaka sita aliifuata barua hiyo ofisini. Miaka sita, wasikilizaji.

Mara ya mwisho Joyceline alimsindikiza. Mama huyu wa miaka sitini na mitatu akamwamkia mtendaji wa kata, kijana wa rika la wanawe: "Shikamoo." Mtendaji aliona haya.

"Mama, mimi nakujua. Lakini orodha imetoka juu, siwezi kuifuta."

"Mwanangu, nilidanganya siku moja kwa sababu ya njaa. Ukweli nimeusema miaka sita."

Mtendaji alimwambia arudi mwezi ujao. Hakuufikia.

Jumatano familia ilifuata kibali cha mazishi. Kikatoka siku hiyohiyo. Penye uraia pameandikwa: Mrundi. Amezikwa shambani kwake, na shamba hilo limeshatangazwa kugawiwa watu wengine.

Joyceline na wadogo zako, poleni sana. Sina neno la kuwafariji, na sitajifanya ninalo. Nanyi wasikilizaji wapendwa, siku mkiingia ofisi ile, tazameni chini kwanza, mjiulize mnakanyaga mawe ya nani.

Speciosa Nshoma alizaliwa Kasulo.