Peris Wakonyo Macharia, Mama Aliyetafuta Jina Moja Ukutani

"Mama, wenzako wanakuita Mama Wainaina, na mimi hapa namwona Ephantus peke yake. Kwani una watoto wangapi?"

Swali hilo aliulizwa marehemu Peris Wakonyo na jirani yake Nekoye, mke wa Nicanor Wamalwa, mwezi wa Septemba mwaka 1958, wakifua nguo kwenye bomba la nyumba za wafanyakazi kule Thika. Nekoye alikuwa hajamaliza miezi miwili tangu atoke kwao magharibi. Hakujua kwamba Mkikuyu hahesabu watoto wake kwa mdomo, maana anayewahesabu anawaitia mkosi. Wanawake waliokuwa pale waliinamia nguo zao. Wakonyo hakukasirika. Alikamua shuka lake, akalianika, ndipo akajibu: "Hao unaowaona wapo. Mmoja sijui nimweke na walio hai ama na waliokufa. Ukinisaidia kumweka, nitakuhesabia."

Marehemu alizaliwa hapa Gatongora, Ruiru, mwaka wa ile njaa kubwa, ambao waliosoma husema ulikuwa 1898. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Ndirangu na Mama Gathoni, wote wametangulia mbele ya haki. Mdogo wake wa mwisho, Waceke, alibebwa naye mgongoni siku nyingi hata wageni wakadhani ni mtoto wake mwenyewe.

Shule hakuiona. Katekisimu aliishika kwa masikio, akabatizwa siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1931. Mwalimu wake wa kusoma alikuwa mmoja tu, naye ni mwanawe wa kwanza, Wainaina, aliyemwandikia jina lake kwa mkaa juu ya jiwe la kusagia, akamshika kidole akakipitisha juu ya kila herufi. Alimwambia kwamba akilijua neno hilo moja, hakuna mtu atakayempotezea barua. Basi Wakonyo alijua kusoma neno moja duniani, nalo ni Wainaina. Siku moja mjini Thika alisimama mbele ya duka lenye jina hilo kwenye kibao, akatabasamu mpaka mwenye duka akatoka kumwuliza anataka kununua nini. "Sinunui," alimwambia, "ninasoma."

Aliolewa mwaka 1919 na Macharia wa Wainaina, kijana aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Mjerumani alikobeba mizigo ya jeshi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu, viwili vililiwa na funza huko njiani. Walihamia Gatuanyaga, Macharia akachunga ng'ombe wa mzungu mmoja, na Mungu akawajalia watoto. Yule wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1921, alipewa jina la babu yake mzaa baba, kama ilivyo desturi. Macharia alifariki tarehe 9 Agosti 1939, akamwachia mkewe shamba dogo, mbuzi wachache na mawe mengi.

Kazi marehemu aliijua. Alichuma kahawa Ruiru akiwa msichana, na baada ya kufiwa alilima mahindi na maharagwe, akabeba mboga kichwani kutoka Gatuanyaga hadi soko la Thika, mvua na jua. Mwaka 1954 serikali ilipowahamisha watu kwa ajili ya vita vya Mau Mau, mwanawe Ephantus, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi, alimpatia nafasi chumbani kwake. Hata huko Wakonyo alipata kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, akapanda viazi.

Lakini maisha yake hayawezi kusomwa bila kusema habari za Wainaina. Siku ya Jumatatu, tarehe 14 Septemba 1942, kijana huyo alimuaga mama yake kwamba anakwenda jeshini. Mwaka uliofuata ilikuja barua moja, ikaletwa mkononi na rafiki yake Muthoka wa Munyao, Mkamba wa ng'ambo ya mto Athi waliyechunga naye mbuzi tangu utotoni. Chini ya barua Wakonyo alilisoma neno lake. Baada ya hapo, kimya. Vita viliisha, askari wakarudi na makoti yao mazito, Wainaina hakurudi. Mara tatu mama yake alikwenda kwa wakubwa wa Thika, na mara tatu karani alifungua kitabu akamwambia hakuna Wainaina Macharia aliyewahi kuandikishwa. Wengine walisema alitoroka. Wengine walisema ameoa mwanamke wa nchi za mbali. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Na Muthoka, kila msimu wa mvua, alikuja na jembe lake akamlimia mama huyo bila kuombwa. Watu walimsifu kwa urafiki wake.

Nekoye alikwenda kumweleza mumewe jibu alilopewa bombani. Nicanor Wamalwa alikuwa askari katika vita hivyo vya pili, na kila Novemba, Jumamosi ya kabla ya siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, aliwapeleka watu Nairobi kuwaonyesha kumbukumbu za vita pamoja na mji wenyewe. Mwaka huo akina mama wa kanisa waliombewa vibali vya safari, na tarehe 8 Novemba 1958 wakaondoka Thika mapema, Wakonyo na Waceke wakiwa miongoni mwao.

Nicanor alitangulia na fimbo yake, nishani zimepangwa kifuani. Aliwaonyesha stesheni ya reli, akawaonyesha msikiti wa Jamia na minara yake, akawaonyesha saa ya City Hall, na akina mama wakabishana kama inakwenda sawasawa na ile ya kanisani. Kila walipofika mahali aliwahesabu kwa fimbo. Walimkemea kwamba mtu hahesabiwi kama mbuzi. Akawajibu bila kucheka: "Mama zangu, jeshini asiyehesabiwa ndiye anayeachwa nyuma."

Kwenye barabara ya Delamere walisimama mbele ya wale watu watatu wa shaba, ukumbusho wa vita vya kwanza. Nicanor aliwaambia kwamba mmoja wao ni mpagazi. Wakonyo alimzunguka taratibu, akamtazama miguuni kwa muda mrefu. "Aliyemtengeneza huyu alikuwa na huruma," akasema. "Amemwachia vidole vyote." Wenzake walicheka, naye pia alicheka. Ndicho kicheko chake cha mwisho siku hiyo.

Kutoka hapo walikwenda kwenye makaburi ya askari, njia ya Ngong, mahali penye nyasi zilizokatwa vizuri kuliko za kanisa lolote, na ukuta wa mawe wenye majina ya wale ambao miili yao haikupatikana. Waceke, aliyefika darasa la nne, alitaka kumsomea. Wakonyo alikataa. Alisema neno hilo analijua mwenyewe.

Akaweka kidole kwenye jiwe, akaanza juu akishuka chini. Hakuwa anasoma majina, maana hakujua. Alikuwa anatafuta sura ya neno moja, kama mtu anavyotafuta uso wa mtoto wake kati ya watoto wanaotoka shule. Wenzake walikaa kwenye nyasi na viazi vyao vitamu na chai ya chupa, na hakuna aliyetia kitu mdomoni. Jua lilifika utosini. Alimaliza, akarudi mwanzo, akaanza tena. Alipomaliza mara ya pili alimgeukia Nicanor akamwuliza kama kuna ukuta mwingine.

"Hakuna, Mama," Nicanor alisema, akavua kofia. Kisha akamwuliza kwa sauti ya chini kama kijana alikuwa na rafiki Mkamba. Alimweleza kwamba siku zile waandikishaji waliwataka zaidi Wakamba, na vijana wengi wa Kikuyu walikataliwa mlangoni. Aliyetaka sana kwenda aliingia kwa jina la mwenzake.

"Rafiki anaye," Wakonyo alijibu. "Huja kunilimia."

Aliulizwa jina, akalitaja. Nicanor alirudi ukutani, naye hakukawia. Waceke akalisoma kwa sauti: Muthoka Munyao. Kidole cha Wakonyo kilikuwa kimepita juu ya jina hilo mara mbili.

Muthoka mwenyewe alikuwa amelima viazi vya Wakonyo mwezi wa Oktoba, akanywa uji kwake, akarudi kwao ng'ambo ya Athi kwa miguu. Hakuna aliyehitaji kumfafanulia Wakonyo jambo lolote. Alimwomba mdogo wake amshike kidole akipitishe juu ya kila herufi, mwanzo hadi mwisho, kama alivyofundishwa lile la kwanza. Akiwa na miaka sitini, alijifunza neno lake la pili. Wakati wa kuondoka Nicanor aliwahesabu wote tena, na alipomfikia Wakonyo hakutaja namba. Aliinamisha kichwa tu, akapita.

Kesho yake, Jumapili, Ephantus alikwenda kumwita Muthoka. Alikuja na mkebe wa majani ya chai, na ndani yake mlikuwa na barua. Alieleza akiwa amesimama mlangoni. Mwaka ule wa 1942 chifu alimtoa yeye kwenda jeshini, na mke wake alikuwa karibu kujifungua. Wainaina alikuwa amekwisha kataliwa mara moja, na moyo wake wote ulikuwa huko. Walikutana mtoni, Muthoka akampa karatasi ya chifu, na kila mmoja akashukuru. Mwezi wa Februari 1944 meli ya askari aliyokuwamo Wainaina ilizamishwa baharini wakielekea Ceylon. Barua ya msiba, ile iliyokuwa mkebeni, ikaletwa kwa Mzee Munyao, baba yake.

"Ilisema nimekufa mimi," Muthoka alisema. "Niliisoma mwenyewe, mama yangu ameketi kando. Ningekuja kukwambia nini, Mama? Niliogopa kufungwa. Halafu mwaka ukapita, nikaogopa macho yako."

Wakonyo alimwambia: "Miaka kumi na minne umelima shamba langu, na neno moja likakushinda."

Hakumtukana. Lakini hakumkaribisha kuketi, na kwa wiki nyingi hakutaka kusikia akitajwa. Moyo wa mtu ni msitu. Alikuwa mama wa sala, na bado alimwambia mdogo wake kwamba akifika kwenye "utusamehe makosa yetu" ulimi wake unakuwa mzito, anayaruka maneno hayo. Kila Jumamosi Wakonyo alipofungua mlango alikuta kuni zimepangwa, na Muthoka amekwisha ondoka. Hakuziwasha. Nekoye alimwuliza kama amezikusanya kuuza.

Mwezi wa Machi mwaka huu wa 1959 miguu yake ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi. Alilazwa hospitalini Thika majuma matatu, na daktari akasema ni moyo. Aliporudi nyumbani mvua ilikuwa imeanza. Asubuhi moja alisikia jembe nyuma ya nyumba, akalisikiliza mpaka likakoma. Ndipo akamtuma Nekoye kumwita Muthoka ndani. Alimpa kiti, akampa uji, akawasha moto kwa zile kuni. Alimwomba amweleze habari za pale mtoni, Wainaina alivaa nini, alisema nini, alicheka au hakucheka. Muthoka alieleza yote. Alisema Wainaina alivuka akiwa ameshika viatu mkononi, ili visilowe, akageuka akapunga mkono. Walilia pamoja siku hiyo, na jioni katika sala Wakonyo hakuruka neno.

Aliaga dunia Jumanne, tarehe 14 Julai 1959, saa nne asubuhi, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mdogo wake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Desturi yetu haituruhusu kusoma kama tunavyosoma leo, na wazee waliopo watuwie radhi. Watoto wa marehemu Peris Wakonyo Macharia ni hawa. Wa kwanza ni Wainaina Macharia, aliyefia baharini, na ambaye jeshi linamkumbuka kwa jina la Muthoka Munyao. Wa pili ni Warigia, mke wa Kamande, wa Ruiru. Wa tatu ni Ephantus Ndirangu, wa Thika. Wa nne ni Idah. Wa tano ni Muthoka wa Munyao, wa ng'ambo ya Athi. Ni watano. Ameacha pia wajukuu, dada yake Waceke, na majirani zake Nicanor na Nekoye. Bwana aliyemwita ampe pumziko lisilo na kungoja tena.

Tumewahesabu hivyo kwa sababu yeye mwenyewe aliomba. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Juni, Nekoye akiwa amemshikia kikombe. Alisema:

"Siku ya kunizika nihesabieni watoto wangu kwa sauti, Nekoye asikie. Wainaina awe wa kwanza. Na Muthoka msimwache nyuma."