Vile Bwana Alinitoa Kwa Gemu ya Kuinuana

Bwana asifiwe, watu ya Otonglo! Nyinyi wa mbele nimewasikia. Nyinyi wa nyuma mnaitikia kama watu wameshika omena kwa mdomo. Hebu tena, Bwana asifiwe! Haya. Sasa hata samaki imesikia.

Ndugu zangu, mimi naitwa Okoth. Wengi wenu mmevaa viatu zangu leo, naziona kutoka hapa mbele. Nauza mtumba ya viatu pale soko ya Kibuye, na shule nilisoma mpaka mahali mimi na mwalimu tulichokana. Kwa hivyo nikikosea maneno mnisamehe, Bwana anajua vile nilitaka kusema.

Nimesimama kutoa ushuhuda ya vile Bwana alinitoa kwa gemu ya simu. Msicheke. Kuna mtu hapa anacheka na simu yake iko moto kwa mfuko.

Hii gemu si ya kucheza peke yako. Mnaenda watu watatu ama wanne, kila mtu na simu yake, mnasikizana kwa earphone. Ndege inawaangusha kwa kisiwa imejaa wadudu. Wadudu gani? Mnajua ng'ombe? Sasa ongeza hiyo ng'ombe miguu nane na meno kama msumeno. Mnazipiga risasi, mnatafuta mafuta ya ndege, mkipata mnaingia ndani mnaenda nyumbani. Lakini hiyo ndege ina roho ya mchungaji. Kama mmoja wenu bado yuko nje, haiondoki.

Na siwezi simama kanisani nisingizie gemu. Iko na uzuri yake. Mtu akiumwa hafi mara moja. Anaanguka, anatambaa, anaita. Na hawezi kujiinua, hata kama ana bunduki ya dhahabu. Lazima mwenzake arudi kwa hao wadudu, apige magoti, amwekee mkono kifuani, aweke tu hapo mpaka ahesabu tano. Ndugu zangu, mimi na Onyi kinyozi tumekaa majirani Kibuye miaka sita tukichukiana juu ya kivuli ya mwavuli. Siku ya kwanza Onyi aliniinua kwa hiyo kisiwa, kesho yake nilimpatia kivuli yote. Nilikaa kwa jua mpaka nikakuwa mweusi kuliko viatu. Tuseme ukweli, kuna mikutano mingi ya maridhiano imefanya kazi kidogo kuliko hiyo.

Lakini iko na ubaya. Risasi yake haijui rafiki. Ukifyatua ovyo unapiga ndugu yako mgongoni, na mimi nilikuwa nafyatua kama mtu anamwagia kuku mahindi. Halafu dawa. Dawa inakaa kwa sanduku, na yule wa kwanza kufika anaweza kula yote, gemu haimwambii kitu. Huyo wa kwanza alikuwa mimi. Nilikula dawa hata sina kidonda, juu ya kuzuia.

Ubaya yenyewe ni hii nyingine. Ile gemu ya peke yako unaisimamisha, mdudu anangoja na mdomo wazi mpaka umalize chai. Hii hapana. Uko na watu. Ukiweka simu chini, wenzako wanaliwa. Kwa hivyo kile kitu kinaifanya iwe tamu, kwamba kuna mtu anakutegemea, hicho hicho ndicho kinakufunga kamba shingoni. Mimi nilikuwa nasema siwezi acha wenzangu. Nikajiona mtu wa maana sana! Bibi akiniita chakula, nasema siwezi acha wenzangu. Mgeni akipiga hodi, siwezi acha wenzangu. Nilikonda mpaka mshipi ya suruali ikanizunguka mara mbili na kubaki ya kufunga mbuzi.

Sasa bibi yangu Akinyi, mnamjua, anaanika omena, hizo dagaa zetu, pale kwetu. Mama yake anamtumia kutoka Port Victoria kwa magunia. Na nyinyi ni watu ya ziwa, sihitaji kuwaambia omena ikianikwa na mvua ikipiga ngurumo kila mtu anakimbia. Mwenye kuoga anatoka na sabuni. Hata adui yako akiona anakuja kukusaidia kukunja neti, halafu anarudi kuwa adui.

Siku moja magunia saba yalikuwa chini yanakauka. Mvua ikatoka upande ya ziwa bila kupiga hodi. Akinyi akaita. Mimi niko ndani kwa kiti, nimempigia Onyi magoti, naweka mkono kifuani. Akaita tena. Nikasema ngoja, nainua mtu. Akaita mara ya tatu, na hiyo ya tatu hakuita kwa sauti kubwa. Nikamaliza Onyi, nikatoka nje nikiwa na furaha nimeokoa maisha.

Ndugu zangu, ile omena ilikuwa inaogelea. Nawaambia ilikuwa imefufuka, inapita kwa geti inarudi ziwani na mikia. Akinyi alikuwa amesimama katikati na neti moja mkononi, amelowa mpaka kwa mfupa. Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru. Aliingia ndani, akabadilisha nguo, akachukua begi, akaenda kwa mama yake Port Victoria.

Mkadhani hapo niliokoka? Wapi! Nilizidisha gemu mara mbili ya kwanza. Nyumba ikabomoka na mimi ndani. Nilipika ugali ikashika sufuria, mpaka leo hiyo sufuria ni jiwe, tumefungia nayo mlango. Kuku zangu zilihamia kwa jirani, jogoo ndiye alikuwa mbele amebeba vitu. Watu wakiniuliza Akinyi ako wapi nasema ameenda kusalimia. Wiki ya tatu, mtu bado anasalimia.

Hizo wiki ndio kuna mchezaji mgeni aliingia kwa timu yetu. Alijiita Mbuta, kama ile samaki kubwa ya ziwa. Hakuwa anaongea, earphone yake ilikuwa kimya kama kaburi. Siku za kwanza alikuwa anatembea akigonga miti. Lakini mtu akianguka, Mbuta anarudi. Kama kuna wadudu kumi anarudi. Aliniinua mimi siku moja mara nane. Na mimi nilimlipa vipi? Nilimpiga risasi mgongoni mara mbili, nikamwambia ni makosa yake kusimama mbele yangu. Nikamwita kichwa maji. Nikamwita ng'ombe bila pembe. Nikamwuliza kama amefundishwa kushika bunduki na nyanya yake. Mbuta kimya. Onyi akanionya kuwa huyo mtu ni mzuri, nitamfukuza. Nikasema mimi ndio Simba wa Otonglo, kwa sababu hiyo ndio jina yangu huko ndani.

Sasa ikafika Jumapili moja mchana, nyinyi mko hapa mnasifu, mimi niko nyumbani na vesti, nasifu wadudu. Mafuta tumepata, ndege imekuja. Mimi naongoza kukimbia, na dawa yote iko kwangu. Karibu na ndege, wadudu wakamwangusha Mbuta. Onyi alikuwa hana risasi hata moja. Akasema, Okoth, rudi umwinue, uko na dawa. Nikasema wacha nipande kwanza. Nikapanda. Nikakaa. Ndege ikangurumanguruma pale pale, haiendi, juu ya mtu mmoja nje.

Ndio Mbuta akafungua sauti mara ya kwanza. Ilikuwa ya mama.

"Ora," akasema, "kwa hivyo hata huku unaacha watu nje?"

Ndugu zangu, sisi Wajaluo ora ni mkwe, ile njia mama mkwe anamwita mume wa mtoto wake. Katika dunia nzima kuna mtu mmoja tu ananiita hivyo. Nywele zangu zilisimama zikaangalia nyumbani kwao.

Onyi akauliza, "Omera, ndugu yangu, huyo ni nani?"

"Ni mama mkwe."

"Wa nani?"

"Wangu."

 Onyi akapanda ndege, akageuka akaangalia ukuta.

Mimi nilikumbuka nimevaa vesti. Najua hanioni. Nilivaa shati, nikafunga vifungo mpaka ya shingo, nikaweka simu kwa kiti ya wageni na mimi nikakaa chini karibu na mlango. Mnajua heshima ya mama mkwe kwetu. Humwangalii usoni. Humpi mkono. Huli mbele yake. Mimi miaka kumi na moja ya ndoa simjui rangi ya macho. Na huyu ndio nimemwita ng'ombe bila pembe! Huyu ndio nimempiga risasi mgongoni!

Akaongea polepole, akitambaa pale chini na wadudu wanakuja. Akasema Akinyi alimwambia kuna kitu kwa simu imemchukua mume wake. Yeye akafikiria ni mwanamke. Akataka kumwona huyo mwanamke. Akinyi akamwekea gemu, akamwonyesha jina yangu, akanifuata. Wiki tatu akitafuta mwanamke ndani, anakuta tu mimi.

"Nimeona vile unainua watu, ora. Unajua kuinua, si ati hujui. Sasa mimi nimeanguka. Ukiniinua, kuja Alhamisi mwongee na bibi yako. Ukiniacha, usikuje."

Ndugu zangu, oneni mtego. Kumwinua lazima nimpigie magoti karibu na nimwekee mkono kifuani. Mama mkwe! Mpaka tano! Nikimgusa, nimevunja heshima ya ukoo yote. Nisipomgusa, nimepoteza bibi. Na damu yake pale juu ya simu imebaki kidogo kama soda ya mwisho kwa chupa.

Nikaomba. Sijawahi kuomba hivyo tangu nizaliwe. Nikasema, Bwana, wewe ndiye ulituambia tuinue walioanguka, na hukusema isipokuwa mama mkwe. Nitoe hapa na sitarudi vile nilikuwa.

Na Bwana akanipa akili. Nikashuka ndege, nikakimbia mpaka karibu naye, halafu nikatoa leso. Nikafunika simu na leso. Nikaangalia upande ya dirisha. Nikapitisha kidole gumba chini ya leso kama mtu anatafuta shilingi kwa kiti, nikasema, "Mama, nisamehe, nakuja," nikafinya. Moja. Mbili. Kwa tatu mdudu akaniuma nikasikia kwa mwili. Tano! Nikavuta leso. Mama amesimama. Nikampatia dawa yote, hata ile nilikuwa nimefichia kesho. Yule mama alipiga wadudu kama mtu anafagia uwanja ya harusi. Tukapanda ndege. Ikaondoka.

"Asante, ora," akasema. "Alhamisi. Na huko kwangu usinipige risasi."

Nilianguka pale sakafuni nikalia. Jasho nilitoa ungekausha omena nayo, nimesema vibaya, ungelowesha. Lakini kitu kilinitoka. Nilijiuliza, nimeinua Onyi mara elfu. Nimeinua watu wa Nakuru siwajui. Bibi yangu alisimama kwa mvua akaniita mara tatu, na sikumpigia goti hata moja.

Alhamisi nikaenda Port Victoria na suti, sukari na sabuni. Nikakaa kiti ya mlangoni. Mama mkwe alikaa chumba ingine nyuma ya pazia, kila mtu na heshima yake, hamngedhani ni sisi tulikuwa tunapigana na wadudu pamoja! Nikaomba Akinyi msamaha ya omena, ya sufuria, ya kuku, ya yote. Akinyi hakulia, hakucheka. Aliniuliza kitu moja tu.

"Hao wakikuita, na mimi nikikuita, nani ataliwa?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi kwa njia. Nikaiacha yote. Nikamwambia, "Mimi. Wewe ukiita, wacha mimi niliwe."

 Nikasikia pazia ikipumua. Nilijua hapo ndio naweza rudi Otonglo na begi moja, ama na mtu. Halafu Akinyi akainuka, akaingia ndani kufunga vitu zake.

Na hivyo ndio mpaka leo, ndugu zangu. Sijatupa hiyo gemu, siwadanganyi, Jumamosi mchana bado nacheza na Onyi. Lakini kabla tuanze nawaambia wote: bibi yangu akiita, mimi nimekufa, mniache hapo, pandeni ndege mwende. Na wiki jana aliita, kulikuwa na wingu. Nilitupa simu na nikafika kwa neti kabla yake! Wadudu walinikula mpaka kiatu, na omena ikabaki kavu. Ero kamano, Nyasaye! Asante Bwana!

Kwa hivyo wewe umekaa hapo umeanguka, na unatambaa na aibu, na unajaribu kujiinua na mikono yako, wacha. Haiwezekani, hata kwa gemu haiwezekani. Ita. Iko mwenye anarudi kwa wadudu juu yako, na ndege yake haiendi kama uko nje. Mwamini huyo. Na ukishainuliwa, angalia kwanza nyumbani kwako kama kuna mtu analowa.

Wacha nikae chini, mchungaji ameshaangalia saa mara tatu. Lakini nisiwafiche vile tuliagana Port Victoria. Tumebeba begi mpaka kwa geti, mimi natembea nyuma kwa heshima, macho yangu chini. Akinyi akamkumbatia mama yake, akaanza kulia, akasema, mama, naweza kaa siku mbili ingine nikusaidie kazi. Ndio mama mkwe, mtu hajawahi kusimama karibu na mimi miaka kumi na moja, akatoka mbio, akanisukumia hiyo begi kifuani na mikono yake miwili:

"Ora, chukua huyu mtoto uende! Wiki tatu, kila nikiingia kisiwani ananiita nikaoshe sufuria!"